Kwaya ya Mlima Kobe

Kigera, Musoma
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama yangu Dorah,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Bunda, na mwili unasemaje? Lile bega linalokuuma kwa kukaa kwenye kompyuta limetulia, au bado unalikanda kwa chupa ya maji moto? Mimi shangazi yako mzima, Kwaresima imenikuta na mafua kidogo lakini kufunga nafunga. Baba yako Masatu ni mzima kule Butiama, amepanda mihogo mpaka karibu na choo. Sisemi zaidi. Nimesema ni mzima.

Nakuita mama kwa haki yangu, maana umebeba jina la mama yangu mzazi, na yeye ndiye nilikuwaga namkimbilia nikishikwa na jambo. Sasa nimeshikwa.

Unajua kamati yetu ya tamasha la kwaya iliacha daftari, usajili ukahamia kwenye tovuti, ili watu wa vigango vya mbali wasisafiri kuja Musoma kuandika jina tu. Mimi katibu ndiye niliyelipigania jambo hilo. Emanuel aliyetutengenezea tovuti ni fundi mzuri, ila mkono haumtulii. Leo kitufe kinaitwa Jisajili, kesho Andikisha Kwaya, keshokutwa amekihamishia chini kama mtu anayehamisha jiko. Mwaka jana kitufe kilikufa siku tisa bila mtu kujua. Wamama wa Bugwema walibonyeza, wakaona kimya, wakadhani ndivyo tovuti inavyoitikiaga. Siku ya tamasha wakaja na lori, ishirini na wawili, sare mpya za kitenge cha njano, na majina yao hayapo. Walikaa kwenye majani wakasikiliza wenzao kutwa nzima. Mama Hilda kiongozi wao akaniambia, "Katibu, angalau makofi tumepiga vizuri." Afadhali angenitukana.

Mwenyekiti, Mzee Florian, amesema ikipotea kwaya moja tu mwaka huu, tunarudi kwenye daftari. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya misa naingia ofisi ya parokia, naijaza fomu yote kwa vidole hivi, naona kama kila kitufe kiko hai, halafu nafuta. Dakika arobaini. Padri amenikuta mara mbili akadhani nasali.

Nimesikia wewe kazi yako ni kuifundisha mashine ibonyeze yenyewe, na kitufe kikibadilika jina mashine inajiponya. Niliposikia neno hilo, kujiponya, nikasema hiyo ni ya kwetu. Nisaidie. Tamasha ni Jumamosi tarehe 30 Agosti, uwanja wa parokia, Butiama.

Shani muuza vitenge anapita Bunda kila Jumatano, mpe jibu. Nijibu mapema.

Shangazi yako,
Jeska


Bunda
Jumamosi, 22 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Milele amina. Mimi nipo salama, bega linauma likiona Jumatatu tu. Pole na mafua. Nimesoma habari za mihogo.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Amri za kompyuta hazipendi kutumwa kwa simu. Simu inajifanya mwalimu: ukiandika vistari viwili inaviunganisha kuwa kimoja kirefu, ukianza na herufi ndogo inaikuza, na kompyuta ikipokea hivyo inagoma. Kwa hiyo utafuata karatasi hii kama unavyofuata kitabu cha misa, herufi kwa herufi.

Kwenye bahasha kuna flashi. Ichomeke kwenye kompyuta ya ofisi, nakili folda inayoitwa kwaya. Halafu fungua lile dirisha jeusi lisilo na picha. Usiogope, halina kitufe hata kimoja, kwa hiyo Emanuel hawezi kukihamisha. Andika kila mstari, kisha bonyeza Enter. Amri nimezipa majina ya Kiswahili ili usihangaike:

cd kwaya
pima weka ponya=uliza
pima usajili --ripoti

Mstari wa kwanza unaingia kwenye folda. Wa pili unaweka mpangilio, nitaueleza. Wa tatu ndio kazi, ndilo jaribio lenyewe: kivinjari kitajifungua chenyewe, kitajaza fomu mbele ya macho yako bila mkono wa mtu, mwisho utapata ripoti. Kijani ni nzuri, nyekundu umwite Emanuel.

Habari ya kujiponya ni hii. Jaribio halikumbuki kitufe kwa jina peke yake. Linakumbuka kilikuwa wapi, rangi gani, jirani zake nani. Kikibadilishwa jina, linatafuta kinachofanana nacho zaidi, kama wewe unavyomjua mtu kwa mwendo hata akinyoa ndevu. Lakini linaweza kumfananisha mtu vibaya. Ndiyo maana nimeweka uliza. Likitaka kujiponya litasimama, likuonyeshe kitufe lilichokiona, liulize, "Niponye?" Wewe angalia kwanza, ndipo uandike ndiyo au hapana.

Kwenye faili la majina ya kujaza, weka kwaya ya kubuni, mahali pa kubuni, kila kitu cha kubuni. Jaribio linaishia kwenye kitufe cha Hakiki, kile cha kutazama kabla ya kutuma. Halitumi chochote.

Tamasha liko Butiama. Sawa.

Ni mimi,
Dorah


Kigera, Musoma
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mama yangu Dorah,

Kristo amefufuka, na mimi nimeona maajabu. U mzima? Shani anasema umekonda, lakini Shani kila mtu kwake amekonda, ndivyo anavyouza vitenge. Nakutumia samaki, sato wawili wa kukausha na furu kidogo, wale wadogo wa kulamba mkono.

Nilifungua lile dirisha jeusi siku ya Mtakatifu Yosefu ikiwa imeshapita, nikafanya ishara ya msalaba, nikaandika. Mara ya kwanza ikaniambia haijui neno pma. Kweli nilikuwa nimeandika pma. Mara ya pili, mwanangu, kivinjari kikafunguka na herufi zikaanza kujiandika. Niliinua mikono yangu yote miwili nikaiweka kichwani, ili aliyeko mbinguni aone kwamba si mimi. Jina la kwaya likajaa. Kigango kikajaa. Idadi ya waimbaji, ishirini na nne. Sekunde kumi na moja. Nilirudia mara sita si kwa sababu ya kazi, kwa raha tu. Mhudumu wa parokia akaja, Katekista akaja, tukawa watatu tumekaa kwenye benchi tunatazama fomu inajijaza kama watu wanaotazama harusi.

Jina la kwaya nililibuni vizuri. Kwaya ya Mlima Kobe. Nilitafuta jina ambalo hata shetani hajawahi kulisikia.

Ila ile uliza yako imenichosha. Emanuel anahamisha vitu kila siku, basi kila asubuhi mashine inaniuliza, "Niponye? Niponye?" Nikajisemea, mganga gani huyu anayemsumbua mgonjwa na maswali? Nikatazama karatasi yako, nikaelewa mwenyewe kwamba panapokaa uliza panaweza kukaa neno jingine. Nikaandika:

pima weka ponya=yenyewe

Ikakubali. Tangu hapo ni amani. Na Jumatano iliyopita ripoti ikatoka ya kijani, chini imeandikwa: imeponywa 1. Sikusoma zaidi. Nililia. Jioni kwenye jumuiya, walipoita watu wa shukrani, nilisimama nikashukuru kwa uponyaji mmoja uliotokea parokiani. Waliuliza mgonjwa ni nani, nikasema Mungu anamjua. Wakaimba.

Mama Hilda wa Bugwema bado hajasajili. Mwalimu wao Gasper amehamia Geita, wanatafuta mwingine, na fomu inataka jina la mwalimu. Nimewaambia wasihofu, kitufe kiko hai.

Nijibu, uniambie kama nimefanya vizuri.

Shangazi yako,
Jeska


Bunda
Jumanne, 3 Juni 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mafua yameisha. Sato tulikula na jirani, furu sikumpa mtu. Barua yako ilifika zamani. Niliiweka. Sababu za kuiweka hazihusiani na wewe.

Jana nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye sauti ya taratibu. Akasema, "Bwana asifiwe, Mwalimu. Hapa ni Florian, kamati ya tamasha. Kwaya yako ya Mlima Kobe tunaithibitisha, mko ishirini na nne, ni kweli?" Nikasema amekosea namba. Akasema, "Hapana, hapa imeandikwa Mwalimu Dorah Masatu, Mlima Kobe. Mtalala au mtarudi siku hiyohiyo?" Nikakata simu. Nikacheka mpaka bega likauma. Halafu nikaacha kucheka.

Nimeingia kwenye ripoti zako zote. Jumatano ile ya uponyaji, Emanuel alikiondoa kitufe cha Hakiki. Mahali palepale, rangi ileile ya kijani, akaweka Kamilisha. Jaribio lilipofika halikuona Hakiki, likatafuta kinachofanana, likaona Kamilisha, na kwa kuwa uliliambia lijiponye lenyewe, likabonyeza. Ndiyo hiyo imeponywa 1. Uliishukuru kwenye jumuiya. Kwaya isiyokuwepo ilisajiliwa kihalali, na kila asubuhi tangu hapo imekuwa ikijithibitisha upya.

Wewe unayesoma Neno kila siku, yule mgonjwa wa birikani, miaka thelathini na minane kitandani, hakuulizwa kwanza kama anataka kuwa mzima? Kama aliyeponya kweli aliuliza, mashine yangu itashindwaje kuuliza?

Andika leo: pima weka ponya=uliza

Sasa swali. Nilikuambia ubuni kila kitu. Kwaya ulibuni, mlima ulibuni. Mwalimu mbona hukumbuni? Kwa nini jina langu, na namba yangu ya simu, herufi kwa herufi?

Na usajili ulifungwa tarehe 31. Nafasi ni thelathini. Mlima Kobe imemkalia nani?

Dorah


Kigera, Musoma
Jumanne, 10 Juni 2025

Mama yangu Dorah,

Nakusalimu kwa aibu. Afya ninayo, usingizi sina.

Imewakalia Bugwema. Walijaza tarehe 30 Mei, tovuti ikawajibu vizuri kabisa: nafasi zimejaa, ninyi ni wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Kitufe kilikuwa hai, kama nilivyowaahidi. Mama Hilda akanipigia, akasema, "Safari hii tumejibiwa, Katibu. Tumeendelea." Anachekaga yule mama hata akiumia.

Nimeirudisha uliza. Halafu nikaenda kuungama, kwanza kwa Padri, kisha kwa kamati, na ya kamati ndiyo ilikuwa ngumu. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, kwaya namba kumi na saba haipo."

Mzee Florian akavaa miwani. "Imejitoa?"

"Haijawahi kuwepo. Na mlima wenyewe haupo. Niliubuni mimi."

"Jeska," akasema, "mimi nimenunua mbuzi Mlima Kobe."

Nikamwuliza mwaka gani. Akasema zamani, kabla ya barabara. Getruda wa mapokezi naye akadakia kwamba anaukumbuka, uko nyuma ya Nyamuswa huko, watu wake wapole, wanasemaga polepole. Wakaanza kubishana kama maji yanatokea upande wa juu au wa chini. Dorah, nilisimama pale mimi niliyeumba mlima huo kwa vidole hivi, na nilikuwa nakaribia kuuliza njia.

Mwisho waliniamini. Hakuna aliyenifokea, ingekuwa nafuu. Lakini ratiba imeshaenda kuchapwa, na kanuni ni ya siku zote: kwaya isiyo na mwalimu haipandi jukwaani. Bugwema hawajapata mwalimu, walijaza fomu kwa jina la Mama Hilda, na kila mtu anajua kwamba kwa Mama Hilda sauti zote ni moja. Nikiifuta Mlima Kobe, nafasi itawaruka iende kwa wanaofuata. Mzee Florian akafunga faili akasema, "Namba kumi na saba ina mwalimu, anaitwa Dorah Masatu. Akija na waimbaji, wataimba. Amewatoa wapi, kamati haiulizi. Anijibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Wamama wa Bugwema wanafanya mazoezi kila Jumamosi saa nane, kwenye darasa la chekechea. Najua miaka minne hujaimba, tangu ukosane na baba yako. Najua tamasha ni wapi. Sikulazimishi.

Nijibu upesi, mama.

Jeska


Bunda
Jumapili, 29 Juni 2025

Shikamoo Shangazi,

U hali gani, na usingizi umerudi? Mimi sijambo, miguu ndiyo imevimba, nilikosa gari la kurudi nikatembea kipande.

Jana nilienda Bugwema kukataa. Nilijiambia, neno la kukataa watu ishirini na wawili huwezi kumpa Shani alibebe kwenye vitenge. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nimefika mlangoni, Mama Hilda akasema, "Mwalimu, umechelewa."

Nikasema, "Mama, mimi si mwalimu."

"Na sisi si Mlima Kobe. Kaa."

Wamekaa kwenye viti vya watoto, Shangazi, magoti kifuani, wameshika karatasi. Wakanipa uji kwanza. Nikasema nitakataa nikimaliza uji. Wakaanza kuimba nikiwa nakunywa. Sauti ya pili inaikimbiza ya kwanza kama kuku, na Mama Hilda anatembea katikati ya zote, anakusanya. Nilikuwa nimeshika kikombe mkono huu. Ule mwingine sijui nani aliuambia, niliukuta uko juu, unawashusha sauti ya pili. Wakashuka. Wakanitazama. Nikajifanya nafukuza nzi. Mama Hilda akasema, "Fukuza tena."

Tumemaliza saa kumi na mbili jioni. Kukataa sikukataa, nilisahau. Wanasema hawarudi kuitwa Bugwema hata kamati ikiruhusu, maana mwaka jana jina la Bugwema lilikalishwa kwenye majani. Wameshakubaliana kwamba Mlima Kobe kuna baridi na watu wake hawaogopi.

Nimempigia Mzee Florian. Aliniuliza kama mbuzi siku hizi wanapatikana. Nikasema wapo.

Butiama nitakuja na lori na nitaondoka na lori. Usinipangie chai kwa mtu yeyote.

Swali langu la mwezi huu hujalijibu. Jibu.

Dorah


Kigera, Musoma
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mama yangu Dorah,

Amani ya Bwana iwe nawe, na pole na safari. Umeamkaje, na koo? Langu limekauka kwa vigelegele, hata misa ya leo nimeitikia kwa kutikisa kichwa.

Uliondoka na lori kama ulivyosema, sahani ya pilau niliyokushikia nimeila mwenyewe. Kwa hiyo nikuandikie uliyoyakosa.

Walipotangaza namba kumi na saba, Kwaya ya Mlima Kobe, watu walipiga makofi kama wanaowajua. Mlipopanda na ile njano, Mzee Florian alimgusa mwenzake akasema, "Umeona? Nilikuambia." Kwenye wimbo wa pili, pale Mama Hilda alipoachwa peke yake kwenye mstari mmoja, ule mmoja tu uliompa, na akaupata, mimi nilikaa chini kwenye majani yaleyale ya mwaka jana. Nilitaka kujua kuimba kwao kunasikikaje kutokea pale. Kunasikika vizuri.

Baba yako alikuwa nyuma yangu. Alikuja kwa baiskeli, akasema amepita tu. Mlipoanza akauliza, "Hawa ni wa wapi?" Nikasema Mlima Kobe. Akasema, "Nawajua." Halafu wimbo ulipoisha akamwambia mtu asiyemjua aliyekaa pembeni, "Mwalimu wao ni mwanangu." Aliyarudia hayo kwa watu watatu. Wa tatu alikuwa mimi.

Jioni akanifuata ofisini kwa mapokezi, akataka kuona hiyo kazi yako, kile alichokuwaga anakiita kubonyezabonyeza. Flashi yako nilikuja nayo, nikaichomeka kwenye kompyuta ya pale, nikamfungulia dirisha jeusi. Nikaandika, pima usajili, vistari viwili, ripoti. Emanuel, Mungu ambariki, alikuwa ameshahamisha kitufe tena, tamasha halijaisha. Mashine ikasimama ikauliza, "Niponye?" Baba yako akasogea karibu. Akasema, "Inauliza?" Nikamwambia ndiyo, Dorah aliipanga iulize. Akakaa muda mrefu anatazama lile swali. Nikadhani hajui kusoma maandishi meupe kwenye nyeusi.

Sasa jibu lako. Fomu iliponiuliza mwalimu wa kwaya ni nani, nilijaribu kubuni. Niliandika jina moja nikafuta, la pili nikafuta. Kwaya niliweza kuibuni, mwalimu nilikuwa na mmoja tu. Nilitaka hata fomu ya uongo iwe nawe. Lakini sikukuuliza. Nilikuponya bila kukuuliza, kama ile mashine nilivyoiharibu, na ingawa limetoka la heri, kosa ni kosa. Nisamehe.

Kwa hiyo safari hii nauliza kwanza. Masatu ameniachia ndoo yenye sato wakubwa watatu, anasema anataka kuja Bunda Jumamosi kuwaleta. Hatakaa sana. Hajasema mengine na mimi sikumsukuma. Nikamwambia asubiri, mpaka mwenyewe utazame na ujibu.

Andika ndiyo au hapana, neno moja linatosha, nitamfikishia lolote. Shani anapita kwako Jumatano. Tafadhali nijibu kwa mkono wake, maana ndoo iko hapa kwangu na samaki hawajui kungoja.

Shangazi yako,
Jeska